Istilahi ya Toleo Hili: Akapela au Kuimba Bila Ala?

Katika insha za wanafunzi hukutwa mara kwa mara sentensi kama hii: "Kwaya iliimba bila muziki." Mwalimu huipigia mstari mwekundu, naye mwanafunzi huuliza kosa liko wapi, ilhali mitaani kila mtu husema hivyo. Swali hilo linastahili jibu.

Katika mazungumzo ya kila siku, neno muziki hutumiwa kwa maana finyu ya sauti za magitaa, vinanda na ngoma. Kitaaluma, hata hivyo, sauti ya binadamu peke yake ni muziki kamili. Kinachokosekana ni ala. Kusema "bila ngoma" pia hakutoshi, kwani ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni hafla yenyewe.

Neno akapela limetoholewa kutoka Kiitaliano, a cappella, yaani "kwa mtindo wa kanisa dogo". Muziki wa kwaya za namna hiyo ulistawi Ulaya katika karne ya 16, enzi ya mtunzi Palestrina aliyefariki mwaka 1594. Hata hivyo, makanisa mengi ya wakati huo yalitumia kinanda au tarumbeta kuzisaidia sauti. Maana ya "bila ala yoyote" ilikita mizizi baadaye, katika karne ya 19.

Jambo lenyewe si geni Afrika. Wanawake wa Burundi wana akazehe, maamkizi yanayoimbwa kwa sauti tupu. Wazulu wana isicathamiya, ambayo kundi la Ladysmith Black Mambazo liliieneza duniani kupitia albamu ya Paul Simon, Graceland, ya mwaka 1986. Makofi, mbinja na vishindo vya miguu haviondoi sifa ya akapela, maana hutoka mwilini mwa waimbaji wenyewe.

Tusichanganye akapela na kughani. Shairi au utenzi hughaniwa kwa mahadhi yanayobeba maneno, na aghalabu mghani ni mmoja. Akapela ni wimbo, mara nyingi wa sauti kadhaa zinazooana, ambapo besi hushika nafasi ambayo ingeshikwa na ala.

Kuhusu sarufi, akapela huingia katika ngeli ya I-ZI: akapela hii, akapela hizi. Hutumika pia kama kielezi: "Waliimba akapela." Nalo neno ala lina maana nyingine, yaani kifuko cha kisu au upanga, kwa hiyo ni vyema kuandika "ala za muziki" linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Tunapendekeza basi: kitendo kiitwe kuimba bila ala, na mtindo uitwe akapela. "Bila muziki" ibaki katika vinywa vya wahusika wa hadithi na tamthilia, ambako lugha ya mtaani ina kazi yake. Mwanafunzi akieleweshwa hivyo, atajua ni wapi kila kauli inafaa, na mstari mwekundu hautamshangaza tena.