Je, Wajua? Si kila jeshi la mezani huanza sawa

Ukikaa kwenye bao pale Rwamishenye, Bukoba, huwezi kulalamika kwamba mwenzako kapewa jeshi bora. Bao la Kiswahili lina kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji, na zote hadhi yake ni moja. Hata zikiliwa hazifi: aliyezila huzisambaza upande wake, zikampigania yeye.

Full Thrust, mchezo wa mezani wa vita vya angani uliotungwa na Mwingereza Jon Tuffley, umekwenda kinyume kabisa. Meli za binadamu zina mizinga ya miale, makombora na ngao za nishati. Wageni waitwao Kra'Vak hawana ngao hizo. Wao hutegemea deraya, mizinga inayofyatua vipande vya chuma, na injini za kugeuka kwa wepesi ambao meli za kawaida za binadamu hazina. Kiboko ni Sa'Vasku: meli zao ni viumbe hai! Kila zamu mchezaji hugawa nguvu za kiumbe chake, hizi za kukimbia, zile za kupiga, nyingine za kujitibu. Akizimaliza kwa kupiga, hana za kukwepea.

Usawa basi hutafutwa kwa bei. Kila meli ina pointi kulingana na ukubwa na silaha zake, na wachezaji hukubaliana jumla kabla ya pambano.

Kama ndiyo kwanza unajifunza, chukua binadamu. Sa'Vasku watakuchosha kwa hesabu.