Fahamu: Mwaka mmoja kwa familia ya Marekani
Mpango wa YES wa kubadilishana wanafunzi ulianzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ukiungwa mkono na maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu, Kenya na Tanzania zikiwemo, husoma Marekani mwaka mmoja wa masomo, wakiishi na familia mwenyeji.

Familia mwenyeji hailipwi. Hutoa chakula na malazi kwa hiari. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, na jembe la huko ni kuosha vyombo, kutoa taka na kufua nguo zako. Dada wa kazi? Msahau.

Mwanafunzi na familia wasipoelewana, mratibu wa mpango katika eneo hilo hujaribu kuwasuluhisha. Ikishindikana, mwanafunzi huhamishiwa nyumba nyingine.