Sukari Mwilini, Hatari Moyoni: Kwa Nini Upasuaji wa Moyo Huanza Nyumbani

Mtu mwenye kisukari akiulizwa anachokiogopa zaidi katika ugonjwa wake, aghalabu atataja kukatwa mguu, kupofuka macho au figo kushindwa kufanya kazi. Ni nadra autaje moyo. Hata hivyo, maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayowaua watu wenye kisukari kuliko tatizo lingine lolote litokanalo na ugonjwa huo. Na pale mgonjwa anapofikishwa kwenye meza ya upasuaji wa moyo, sukari iliyomo katika damu yake inakuwa miongoni mwa mambo yanayoamua kama kidonda kitafunga, kama figo zitahimili, na kama atarudi nyumbani salama. Makala haya yanaeleza uhusiano huo, na nini mgonjwa na familia yake wanaweza kufanya kabla ya siku ya upasuaji kufika.

Tulipotoka na tulipofika

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Muhimbili, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania. Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kisukari kwa takribani asilimia 9, na shinikizo la juu la damu kwa takribani robo yao. Tafiti hizi mbili zinatofautiana kwa umri wa washiriki na kwa mbinu, na ule wa kwanza ulihusu vijiji tu. Hivyo si haki kulinganisha tarakimu zake moja kwa moja. Mwelekeo wake, hata hivyo, hauna ubishi.

Katika kipindi hichohicho huduma ya upasuaji wa moyo nayo imekua. Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanza kujitegemea. Kwa muda mrefu wagonjwa wengi wa upasuaji huu walikuwa watoto waliozaliwa na kasoro za moyo na vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Hao bado wapo. Lakini sasa wanakuja pia watu wa makamo walioziba mishipa inayolisha moyo, na wengi wao huja na kisukari, shinikizo la damu na kitambi kwa pamoja.

Kasoro zinazotembea pamoja

Kutembea pamoja huko si kwa bahati mbaya. Mwaka 1988 Gerald Reaven, daktari wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba chanzo kimoja, yaani mwili kutoitikia vyema homoni ya insulini, kinaweza kuwa nyuma ya kasoro kadhaa zinazomkuta mtu mmoja. Leo tunatambua mkusanyiko wa kasoro za umetaboli, yaani za namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula, kwa vipimo vitano vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 2009: mzunguko mkubwa wa kiuno, mafuta ya trigliseridi kuanzia milimoli 1.7 kwa lita. Lehemu nzuri kuwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Shinikizo la damu kuanzia 130 kwa 85. Na sukari ya kabla ya kula kuanzia milimoli 5.6 kwa lita. Mtu mwenye vitatu kati ya hivyo amekwisha kuingia katika kundi la hatari, hata kama hajaambiwa kuwa ana kisukari.

Kuhusu kiuno, vipimo vilivyopendekezwa kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, vimeazimwa kutoka Ulaya. Hata hivyo ujumbe wake unabaki: mafuta yanayozunguka ini na utumbo ni hatari kuliko yale ya mapajani. Kitambi ambacho jamii imezoea kukiita dalili ya neema ni taarifa ya kitabibu.

Sukari inavyouharibu mshipa

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando laini unaouwezesha mshipa kutanuka na kuzuia damu isigande ovyo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, utando huo hudhoofika. Lehemu mbaya, ambayo kwa mtu mwenye kisukari huelekea kuwa chembe ndogondogo zilizoshindiliwa, hupenya kirahisi na kujikusanya ukutani. Chembe sahani za damu nazo huwa na wepesi wa kushikamana. Matokeo yake ni mshipa uliosinyaa, tena mara nyingi si mahali pamoja bali kwa urefu mkubwa na katika mishipa kadhaa.

Utafiti wa Framingham nchini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1979 baada ya kuwafuatilia watu kwa miaka 20, ulionyesha kuwa kisukari huongeza hatari ya maradhi ya mishipa mara mbili hadi tatu. Kwa uwiano, ongezeko hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Kinga ambayo mwanamke huwa nayo kabla ya kukoma hedhi hupungua sana akiwa na kisukari, na familia nyingi hazilijui jambo hili. Maumivu ya kifua ya mama hudhaniwa kuwa ya tumbo au ya uchovu.

Zaidi ya hapo, kisukari huharibu neva. Moyo unaokosa damu kwa kawaida hulia kwa maumivu makali ya kifua, lakini moyo wa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu unaweza kunyamaza. Anachokihisi ni kuishiwa pumzi anapopanda ngazi, jasho lisilo na sababu, kichefuchefu au uchovu wa ghafla. Kwa sababu hiyo, wengine hufika hospitali wakati misuli ya moyo imekwisha kuumia.

Stenti au upasuaji?

Mishipa ya moyo ikiziba, kuna njia mbili kuu za kurejesha damu: kuipanua na kuweka stenti kwa kupitia mshipa wa mkono au wa paja, au kufungua kifua na kupandikiza mishipa mingine ili damu ipite kando ya kizuizi. Wengi hupendelea ya kwanza, kwa sababu mgonjwa huenda nyumbani mapema na bila kovu kifuani.

Kwa mwenye kisukari aliyeziba mishipa kadhaa, ushahidi unaelekea upande mwingine. Utafiti uitwao FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012, uliwagawa wagonjwa 1,900 wa aina hiyo katika njia hizo mbili. Baada ya miaka mitano, waliofariki walikuwa asilimia 16.3 katika kundi la stenti na asilimia 10.9 katika kundi la upasuaji. Upasuaji ulikuwa na gharama yake: kiharusi kiliwapata asilimia 5.2 dhidi ya 2.4. Sababu ya faida hiyo inaeleweka. Stenti hufungua sehemu moja, ilhali mshipa uliopandikizwa hupita mbali zaidi ya eneo lililoharibika na kulinda hata sehemu ambazo zingeziba baadaye.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Mgonjwa anayefaidika zaidi na upasuaji ndiye huyohuyo ambaye mwili wake huvumilia upasuaji kwa shida zaidi. Mfupa wa kidari uliopasuliwa kwa msumeno unahitaji damu nzuri ili uunge. Sukari ya juu hudhoofisha chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu. Figo zilizokwisha kuchoka huweza kushindwa baada ya saa kadhaa za mashine ya moyo na mapafu. Maambukizi ya ndani ya kidari hayatokei kwa wengi, lakini yanapotokea huwa hatari kwa uhai na hurefusha kukaa hospitali kwa majuma mengi.

Somo la kiasi

Mwili unaopasuliwa humwaga homoni za mfadhaiko, na homoni hizo hupandisha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari. Zamani ilionekana kuwa hilo ni jambo la kawaida lisilohitaji haraka. Mwaka 1999 madaktari wa Portland, Oregon, walionyesha vinginevyo: walipoacha kudunga insulini chini ya ngozi kwa vipindi na kuidondosha mfululizo kupitia mshipa, maambukizi ya ndani ya kidari kwa wagonjwa wa kisukari yalishuka kutoka asilimia 2.0 hadi 0.8.

Mwaka 2001 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakaenda mbali zaidi. Katika wodi ya wagonjwa mahututi, ambamo wengi walikuwa wametoka kupasuliwa moyo, waliishusha sukari hadi kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita, na vifo wodini humo vikapungua kutoka asilimia 8.0 hadi 4.6. Hospitali nyingi duniani ziliiga. Kisha mwaka 2009 utafiti mkubwa wa NICE-SUGAR, uliohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000 wa aina mbalimbali, ulikuta kinyume: kundi lililobanwa sukari kwa ukali lilikuwa na vifo asilimia 27.5, dhidi ya 24.9 katika kundi lililodhibitiwa kwa wastani. Sukari iliyoshuka mno iliwapata zaidi waliobanwa kwa ukali.

Kwa hiyo leo lengo la kawaida baada ya upasuaji ni kuiweka sukari chini ya milimoli 10 kwa lita bila kuiporomosha. Ndugu wakiona mgonjwa wao anatobolewa kidole kila baada ya saa moja au mbili, au anapewa insulini ilhali nyumbani hutumia vidonge tu, wasifadhaike. Insulini hapo haimaanishi kuwa ugonjwa umefika ukingoni. Ni dawa inayoweza kupandishwa na kushushwa haraka kadiri mwili unavyobadilika.

Miezi ya kusubiri ni miezi ya tiba

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu husoma sukari iliyojishika kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, ambazo huishi takribani siku 120. Hakidanganywi na mlo wa juzi. Kikiwa juu sana, na hali ya moyo ikiruhusu, timu inaweza kuahirisha upasuaji ili sukari irekebishwe kwanza. Huo si urasimu. Pale moyo usipoweza kusubiri, upasuaji hufanyika na sukari hutibiwa kwa insulini papo hapo. Kwa mtu mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kipimo hiki kinaweza kupotosha, hivyo amweleze daktari ili atumie vipimo vingine.

Familia nyingi hutumia miezi kadhaa kutafuta fedha: kuchangishana, kuuza kiwanja, kufuatilia bima. Miezi hiyohiyo, ambayo wengi huiona kama muda uliopotea, inaweza kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe:

Mgonjwa apime sukari na kuandika matokeo katika daftari, kisha aje nalo kliniki.

Sahani igawanywe: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au kuku. Chai inyweke bila sukari, na soda iachwe.

Sigara iachwe mara moja, si wiki ya upasuaji.

Meno na nyayo zikaguliwe. Jino bovu au kidonda cha mguu ni mlango wa vijidudu kuelekea moyoni.

Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, na ataje zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, kama empagliflozini na dapagliflozini, zina manufaa makubwa kwa moyo, lakini husimamishwa angalau siku tatu kabla ya upasuaji kwa sababu zinaweza kuifanya damu kuwa na asidi nyingi hata sukari ikiwa haijapanda sana. Tarehe ya kusimamisha itolewe na daktari.

Baada ya mshono

Mfupa wa kidari huhitaji takribani wiki sita hadi nane kuunga, na katika muda huo mgonjwa hapaswi kubeba ndoo ya maji wala kusukuma mzigo. Homa, usaha, au mfupa unaocheza kifuani anapokohoa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani aongee na daktari wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia mfungo.

Upasuaji hupeleka damu kwa njia mpya. Haumwondolei mtu kisukari. Mishipa iliyopandikizwa nayo huweza kuziba iwapo sukari, shinikizo na lehemu vitaachwa vitawale kama mwanzo. Dawa za lehemu, vidonge vya shinikizo na matembezi ya kila siku ni vya maisha yote. Na kwa watoto na ndugu wa mgonjwa, ambao wengi wao wanarithi mwili uleule na wanakula chungu kimoja naye, siku wanayomsindikiza kliniki ni siku nzuri ya kupima viuno vyao, shinikizo lao na sukari yao.