Laptopu Kuukuu na Sehemu ya Sitini ya Sekunde

Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alikamilisha Space Invaders, mchezo wa kabati la kutumbukiza sarafu. Ndani ya kabati hilo mlikuwamo prosesa ya Intel 8080 yenye kasi ya megahezi 2. Wavamizi ni 55, safu 5 za 11, na prosesa humsogeza mmoja tu kila picha inapochorwa upya, yaani mara 60 hivi kwa sekunde. Kundi likiwa kamili, hatua moja ya wote inakaribia kumaliza sekunde nzima. Kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyokwenda mbio, na yule wa mwisho humtoa mchezaji jasho. Kasi hiyo ilizaliwa na unyonge wa prosesa. Nishikado aliona imeupa mchezo utamu, akaiacha.

Anayetaka kufufua laptopu ya mwaka 2007 au 2008 ili acheze michezo ya enzi za makabati hayo, kwa kawaida huuliza kama ina nguvu ya kutosha. Inayo. Prosesa ya gigahezi 2 inakwenda kwa mapigo mara 1,000 ya ile ya Nishikado. Ni kweli kwamba programu inayoiga kabati la zamani hulazimika kutafsiri kila amri ya prosesa ya kale, kuchora picha na kutoa sauti kwa wakati mmoja, lakini bado nafasi inabaki tele. Kinachokosekana kwenye laptopu kuukuu ni utulivu. Inatakiwa itoe picha moja kila milisekunde 16.7, bila kuchelewa hata mara moja, kwa sababu katika michezo hii mwendo wa saa ndio mchezo wenyewe.

Adui wa kwanza ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue, ndiyo maana mchezo unaanza vizuri, kisha baada ya dakika chache unaanza kukwama kwama. Fungua kifuniko cha chini, toa vumbi lililoganda kati ya feni na mapezi ya kupozea, na usiishie hapo. Kati ya prosesa na bamba la kupozea kuna pesti ya kupitisha joto, na baada ya miaka kumi na kitu huwa imekauka na kuwa kama chokaa. Ikwangue taratibu, pangusa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kazi hii ina faida kubwa kuliko kuongeza memori, maana kwa michezo ya miaka ya 1980 gigabaiti 2 zinatosha kabisa. Diski ya SSD itafanya laptopu iwake haraka, ila haitaharakisha mchezo uliokwisha kupakiwa.

Betri ikiwa imevimba, itoe leo. Usiitoboe wala usiibonyeze, kwani lithiamu inaweza kushika moto. Laptopu nyingi huendelea kuwaka kwa chaja peke yake, ingawa baadhi, zikiwamo MacBook za miaka hiyo, hupunguza kasi ya prosesa zikikosa betri.

Adui wa pili ni kazi zinazoendelea chinichini: masasisho, ulinzi wa virusi, programu zinazojifungua zenyewe. Hapa mimi hushauri kufuta kila kitu na kuweka Linux nyepesi. antiX 23, iliyotoka mwaka 2023, ina toleo la prosesa za biti 32 na la biti 64, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla hujagusa diski. Zima Wi-Fi unapocheza, kisha weka mpangilio wa umeme kwenye kasi ya juu, ili prosesa isipandishe na kushusha mwendo katikati ya mchezo.

Programu yenyewe ya kuigiza ni MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, na tangu 2016 ni programu huria. Lengo la watunzaji wake ni kuhifadhi historia kwa usahihi, na usahihi una gharama: toleo la leo hudai nguvu kubwa kuliko la miaka ishirini iliyopita kwa mchezo uleule. Kwa laptopu dhaifu, chukua MAME 2003 inayopatikana ndani ya programu ya kuigiza iitwayo RetroArch. Ila elewa kwamba faili za mchezo lazima ziendane na toleo la programu. Faili hizo ni nakala za chipu za kabati, na chipu zimesomwa upya na nakala kusahihishwa kwa miaka mingi, kwa hiyo faili zilizoandaliwa kwa toleo la leo zinaweza kukataliwa na la 2003. Wengi hudhani laptopu ndiyo mbovu, kumbe ni jambo hilo tu. Street Fighter II ya 1991 itakwenda bila taabu. Tekken 3 ya 1997, yenye picha za pande tatu, iache kwa mashine nyingine.

Sasa skrini. Pac-Man ilichorwa kwa nukta 224 kwa 288, skrini ikiwa imesimama wima. Kwenye laptopu ya 1366 kwa 768, picha inaweza kukuzwa mara mbili kamili tu; ukilazimisha mara mbili na nusu, nukta hupotoka na ukuta mmoja huonekana mnene kuliko mwenzake. Lakini ilaze laptopu kwa ubavu, iambie MAME izungushe picha, na utapata mara tatu kamili. Ukiwa na kibodi ya nje, huo ni uamuzi mzuri sana. Na kibodi ya nje unaihitaji kwa sababu nyingine pia: vibonye vya laptopu hushirikiana nyaya, hivyo ukibonyeza vitatu pamoja, tuseme juu, kushoto na kufyatua, cha tatu huenda kisisikike.

Kuhusu haki: MAME ni halali, lakini faili za michezo mingi bado ni mali ya wenye hakimiliki, na kuzipakua ovyo ni kuchukua cha mtu. Tovuti ya watunzaji wa MAME inatoa michezo michache kwa ruhusa ya wenyewe, kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mmojawapo ni Gridlee, mchezo wa miaka ya 1980 ambao haukuwahi kuingia sokoni. Anza nao. Kwenye MAME inayojitegemea, isiyo ndani ya RetroArch, bonyeza 5 kutumbukiza sarafu, 1 kuanza, kisha F11 ili uone asilimia ya kasi. Cheza nusu saa. Namba ikishuka chini ya 100 na kubaki huko, rudi kwenye feni.