Tsedaka: Neno la Kiebrania linalobeba haki na sadaka

MYAHUDI anayempa maskini fedha hahesabiwi na dini yake kuwa amefanya hisani. Kitendo hicho huitwa tsedaka, neno ambalo mzizi wake katika Kiebrania ni haki.

Msikilizaji wa Kiswahili hulitambua mara moja, kwani ni ndugu wa sadaka, neno lililotufikia kupitia Kiarabu. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na konsonanti tatu zinazolibeba neno hilo zinalingana katika lugha zote mbili. Hata hivyo, undugu huo unaweza kupotosha. Kwa Kiarabu mzizi huo umeelemea upande wa ukweli, ndiyo maana Kiswahili kina pia kusadiki. Kwa Kiebrania umeelemea upande wa hukumu na uadilifu.

Katika vitabu vya kale vya Biblia, tsedaka haihusu sarafu hata kidogo. Kitabu cha Mwanzo kinapoeleza kwamba imani ya Abrahamu ilihesabiwa kwake, kitu alichohesabiwa ni tsedaka, yaani haki. Nabii Amosi, aliyeishi karne ya nane kabla ya Kristo, aliwakemea wakubwa wa Israeli kwa kuitupa tsedaka chini, na makosa aliyoyataja ni rushwa mahakamani na mizani ya udanganyifu sokoni. Hata jina la Melkizedeki, linalofahamika kwa kila msomaji wa Biblia, lina mzizi huo huo na hufasiriwa kuwa mfalme wa haki.

Maana ilianza kuhama taratibu. Katika kitabu cha Danieli, sehemu iliyoandikwa kwa Kiaramu, mfalme Nebukadneza anashauriwa aachane na dhambi zake kwa neno la mzizi huo, na wafasiri wamegawanyika tangu zamani: wengine husema haki, wengine sadaka. Mgawanyiko wa namna hiyo umo pia katika Injili ya Mathayo, mwanzoni mwa sura ya sita, ambako baadhi ya hati za kale za Kigiriki zina neno la haki na nyingine neno la sadaka.

Kufikia wakati Mishna ilipokusanywa, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, tsedaka ilikwisha kuwa jina la kawaida la msaada kwa maskini. Lakini marabi hawakuiondoa katika sheria. Kila mji ulitakiwa kuwa na mfuko wa kugawa mahitaji ya wiki, pamoja na chungu cha chakula cha kila siku. Fedha za mfuko zilikusanywa na watu wawili, ila hazikugawanywa na wachache kuliko watatu, kwa sababu kugawa kulihesabiwa sawa na kuamua kesi ya mali, na kesi ya namna hiyo huhitaji mahakimu watatu.

Kiwango kilichozoeleka ni fungu la kumi la mapato. Marabi waliweka pia kikomo cha juu, moja ya tano, ili mtoaji mkarimu asije akageuka mwombaji. Maskini anayeishi kwa tsedaka naye hutakiwa kutoa kidogo katika alichopewa. Sharti hilo huwashangaza wengi, lakini likitazamwa kama haki na wajibu, si huruma, linaeleweka.

Aliyeyapanga mambo haya kwa ufasaha zaidi ni Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Cordoba, Hispania, na kufariki Misri mwaka 1204. Aliandika kwamba mahakama inaweza kumlazimisha anayekataa kutoa. Aidha alitaja daraja nane za utoaji. Ya chini kabisa ni kutoa kwa kinyongo. Ya pili kutoka juu ni pale ambapo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji, hivyo hakuna wa kuona haya. Ya juu kabisa huenda isifanane na sadaka machoni pa wengi: ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye katika biashara au kumtafutia kazi, ili asihitaji tena kuomba.

Neno hilo lina mipaka yake. Marabi walilitenga na matendo ya wema kwa jumla, kama kumtembelea mgonjwa au kumzika maiti. Tsedaka hutolewa kwa mali, na kwa maskini aliye hai. Wema hutendwa kwa mali au kwa nguvu za mwili, kwa tajiri na maskini, kwa aliye hai na aliyekufa. Na mtu mwadilifu huitwa tsadiki, jina ambalo wafuasi wa madhehebu ya Hasidi humpa pia kiongozi wao wa kiroho.

Katika ibada, sala mashuhuri ya mwaka mpya na Siku ya Upatanisho huitaja tsedaka pamoja na toba na maombi kuwa mambo matatu yanayopunguza ukali wa hukumu ya Mungu. Katika nyumba nyingi lipo kasha dogo la sarafu, na desturi ni kutumbukiza kitu kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Makasha hupitishwa mazishini pia.

Kiebrania cha leo kimeyatenganisha yaliyokuwa pamoja: haki huitwa tsedek, na tsedaka imebaki kuwa msaada tu. Mwaka 2011, maelfu ya Waisraeli walipopiga mahema Tel Aviv kupinga gharama za nyumba, madai yao yalikuwa tsedek ya kijamii. Watetezi wa wanyonge nchini humo huyatumia maneno hayo mawili kama vinyume, wakisema wanadai tsedek, si tsedaka.