Huzuni inaporudi mara ya tatu

Katika mitaa yetu ya Ng'ambo, na Jang'ombe ikiwemo, ni nadra kumsikia mtu akisema kuwa anaumwa sonona. Husema ana mawazo. Neno hilo limebeba elimu kubwa kuliko tunavyodhani, kwani maradhi haya, hususan yanapokuwa ya kurudi rudi, hujificha sana katika namna mtu anavyowaza.

Chukua mfano wa mama wa mtaa huo, tusiyemtaja jina kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Mara ya kwanza aliugua baada ya kufiwa na mumewe. Usingizi ukamruka, chakula kikawa hakipiti, na kila mtu alimuelewa. Miezi ikapita, akapona. Mara ya pili ilianza kwa ugomvi wa mirathi, jambo dogo ukililinganisha na kifo. Mara ya tatu haikuwa na sababu yoyote ya kuinyooshea kidole. Hapo ndipo maneno ya majirani yalipoanza: hasali vizuri, imani yake dhaifu, amechezewa. Na yeye mwenyewe akayaamini.

Tuanze na hilo la imani, maana ndilo linalomfanya mgonjwa aone haya kutafuta tiba. Sura ya Yusuf inatusimulia jinsi Nabii Yaakub (A.S.) alivyompoteza mwanawe hata nuru ya macho yake ikaondoka kwa huzuni, na jinsi watoto wake walivyomlaumu kwa kutoacha kumkumbuka. Nani atathubutu kusema kuwa Nabii yule alipungukiwa na imani? Mwaka waliofariki Bi Khadija (R.A.) na Abu Talib, ami yake Mtume (S.A.W.), wanahistoria wetu wameuita Mwaka wa Huzuni. Aidha, katika dua iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.) na kuthibitishwa na Imamu Bukhari, Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamm pamoja na hazan. Maulamaa wengi wameeleza kuwa la kwanza ni wasiwasi wa yajayo na la pili ni majonzi ya yaliyopita. Maneno yote mawili Waswahili tumeyachukua, ila hamu tumeigeuza hadi siku hizi mtu huwa na hamu ya pilau.

Sasa tuingie katika kurudi kwenyewe. Vitabu vya tiba hutaja kuwa takriban nusu ya waliougua sonona mara moja huugua tena. Waliougua mara mbili, kiasi cha asilimia 70. Na waliofikia mara tatu, hadi asilimia 90. Mwaka 1992 daktari wa Marekani, Robert Post, alieleza kuwa vipindi vya mwanzo aghalabu hutanguliwa na msiba mkubwa, hali ya kuwa vya baadaye huweza kuwashwa na jambo dogo, au kuja vyenyewe. Ni mfano wa jiko la makaa lililofunikwa jivu: ukilitazama limezimika, lakini kupepea kidogo tu kunatosha.

Jivu hilo lina nini chini yake? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Zindel Segal na wenzake huko Toronto, Kanada, waliwachukua watu waliokwisha pona, wakawatia huzuni ndogo ya muda kwa muziki na kumbukumbu za zamani. Wale ambao fikra zao mbaya za wakati wa ugonjwa ziliamka upesi kwa huzuni hiyo ndogo, ndio waliokuwa hatarini zaidi kuugua tena katika miezi iliyofuata. Kwa maneno mengine, mtu amepona, lakini njia ile ya kuwaza bado ipo, inasubiri mlango ufunguliwe.

Na njia yenyewe ina alama zake. Likitokea kosa, mgonjwa hujilaumu yeye, huona litadumu milele, na kwamba limeharibu kila kitu. Pili ni kuwaza kwa kuzunguka: kwa nini mimi, nimekosa nini, swali lile lile mara mia bila ya hatua yoyote. Saa yake hasa ni ile kabla ya alfajiri, mtu anapozinduka na usingizi usirudi tena. Na jamaa zake humdhania anaamka kwa tahajudi.

Haya si mageni kabisa kwa ustaarabu wa Kiislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, ambamo aliitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyo na sababu, na hii ya pili akaihusisha na mabadiliko ndani ya mwili. Alishauri pia kuwa, kama vile mtu mzima wa afya anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura, basi na aweke fikra njema tayari wakati nafsi imetulia, apate kuzitumia itakapochafuka. Zaidi ya miaka 1000 baadaye, Aaron Beck wa Marekani alijenga tiba nzima juu ya kuzichunguza fikra za mgonjwa na kuzipima kwa ushahidi.

Dawa za hospitali nazo zina mahali pake, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: mtu akipata nafuu, anaacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuondoka, na aliyeugua mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari juu ya saa za dawa, asizikate mwenyewe. Hospitali ya Kidongo Chekundu haiko mbali na Jang'ombe. Kinachoifanya iwe mbali ni aibu.

Kwa anayeogopa lango hilo ipo njia nyingine. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, waliofundishwa kukaa na wagonjwa juu ya benchi, kusikiliza, na kuchagua pamoja nao tatizo moja la kushughulikia. Kwa Kishona maradhi hayo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni “mawazo” yetu yale yale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kuwa baada ya miezi sita asilimia 14 ya waliokaa na bibi hao ndio waliobakiwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefikishwa pia Zanzibar.

Mama yetu wa Jang'ombe naye angefaa akae na mwanawe, wakati huu akiwa mzima, waandike dalili zinazotangulia. Kwake yeye, machozi huja mwisho. Kwanza huacha kuitikia hodi.