Chanjo ya nimonia: kwa nini watafiti wanatafuta protini?

Wamama wengi wa Rutshuru wanajua sindano inayoitwa Pneumo. Mtoto anadungwa kwenye paja akiwa na wiki 6, halafu 10, halafu 14, siku moja na ile ya Penta. Inamkinga na nimonia inayoletwa na mikrobi ya pnemokoki. Kongo iliingiza chanjo hiyo, PCV13, mwaka 2011.

Ile 13 ina maana yake. Pnemokoki inavaa koti la sukari, na makoti hayo ni ya aina zaidi ya 100. PCV13 inafundisha mwili kutambua aina 13 tu, kati ya zile zinazoleta ugonjwa mkali mara nyingi. Inasaidia kweli. Kule Kilifi, Kenya, chanjo ndugu yake, PCV10, ilipunguza kwa asilimia 92 ugonjwa mkali wa aina zilizomo ndani yake kwa watoto wa chini ya miaka 5. Lakini aina zingine zinaweza kuchukua nafasi iliyobaki wazi ndani ya pua. Na kila koti linaloongezwa linaongeza kazi kiwandani.

Ndiyo maana watafiti wanaangalia chini ya koti. Huko kuna protini ambazo pnemokoki karibu zote zinazo. Ni kama mwizi anayebadilisha koti kila usiku, lakini viatu ni vilevile.

Zinatafutwa namna gani? Mwaka 2001, watafiti walipitia jeni za pnemokoki, zaidi ya 2000. Walichagua 130 zilizoonekana kutengeneza protini za upande wa nje, pale kinga ya mwili inaweza kufika. Walifaulu kutengeneza protini 108, wakazijaribu kwa panya. Ni 6 tu zilizowakinga.

Na panya si mtoto. Gambia, protini mbili ziliongezwa kwenye chanjo ya makoti na kupewa watoto wachanga. Miili yao ilitengeneza kinga, lakini mikrobi ilibaki puani sawasawa na kwa wale waliopata chanjo ya kawaida. Mpaka leo hakuna chanjo ya pnemokoki ya protini peke yake iliyoruhusiwa.

Basi mzazi asingoje. Kama mtoto alikosa sindano kwa sababu ya kukimbia vita, apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na karatasi yake ya chanjo kama ingali ipo. Kama imepotea, apelekwe vilevile.

Na kwa sababu chanjo haizuii nimonia zote, hesabu pumzi za mtoto anayekohoa, akiwa ametulia. Kwa dakika moja, pumzi 50 ao zaidi kwa mwenye miezi 2 mpaka 11, ao 40 na zaidi kwa mwenye mwaka 1 mpaka 5, ni nyingi mno. Kifua kikiingia ndani anapovuta hewa, ni hatari pia. Munganga amuone siku ileile.